Kupima mtoto kupitia damu ya mama: maswali ninayoulizwa kila siku kwa kiti cha kutolea damu

Nafanya kazi ya labu hapa Kisumu. Kiti changu cha kutolea damu kiko karibu na dirisha, na mama akishakaa swali la kwanza linatoka kabla hata sijafunga ile kamba ya mkono. Maswali ni yale yale, kuhusu NIPT, kile kipimo cha damu ya mama kinachoangalia kromosomu (mafungu ya DNA) za mtoto aliye tumboni. Nimeyaandika hapa vile yanaulizwa, mengine nimeyaunganisha, na majibu ni yale huwa nawapea siku ambayo foleni hainisukumi. Daktari wako ndiye anakujua wewe, mimi najua damu, kwa hivyo ukisoma hapa bado rudi kwake.

Ati damu yangu iko na vitu vya mtoto ndani? Si shuleni tuliambiwa damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki?

Mlifunzwa vizuri, hazimwagiki moja ndani ya nyingine. Plasenta, lile kondo la nyuma, ni ukuta, lakini ni ukuta wa makuti si wa mawe. Chakula na hewa vinapita kwenda, uchafu unapita kurudi, na katikati ya hiyo biashara kuna vitu vidogo vinaponyoka kila siku. Vya kwanza ni seli chache za mtoto zikiwa nzima. Vya pili ni vipande vya DNA vinavyotoka kwa plasenta yenyewe, manake ule upande wake unaooga kwenye damu yako unajibambua kila wakati kama ngozi iliyochomwa na jua.

Hivyo ni vitu viwili tofauti na ukivichanganya utapotea huko mbele. Seli ni nyumba nzima, na ramani yake imefungiwa ndani. Vipande vya DNA ni ile ramani ishachanwa, karatasi ndogo ndogo zinaelea tu kwa maji.

Kuhusu seli watu walijua zamani. Mwaka wa 1893 Mjerumani mmoja, Georg Schmorl, alikuwa anachunguza maiti za akina mama waliouawa na kifafa cha mimba, akakuta ndani ya mapafu yao seli kubwa kubwa za plasenta. Mapafu! Yaani zilibebwa na damu kutoka kwa tumbo la uzazi mpaka huko juu. Halafu 1969 watafiti wakaona kromosomu Y kwenye damu ya wajawazito waliobeba wavulana. Mwanamke hana Y, sasa ilitoka wapi kama si kwa mtoto.

Kama seli za mtoto ziko, si mchukue hizo mpime tuishie hapo?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote na wanasayansi walilihangaikia miaka mingi. Shida ni uchache wake. Mililita moja ya damu, hiyo ni tone chache tu kwenye sindano, iko na seli nyekundu karibu bilioni 5, zako wewe. Za mtoto kwa hiyo mililita unaweza kupata moja, siku nzuri kadhaa.

Kuna siku umeme ulipotea tukakaa tu, nikapiga hesabu na mchele. Gunia la kilo 50 lina punje kama milioni 2 na kitu. Bilioni 5 ni magunia zaidi ya elfu mbili, jaza lori juu ya lori la mchele wa Ahero, halafu mtu akwambie kuna punje moja humo ina rangi tofauti kidogo, itafute, na usiivunje. Walijaribu. 1979 watu wa Stanford walitumia mashine inayopanga seli moja moja kwa mwanga wa leza, wakazipata zingine. Miaka ya 1990 serikali ya Marekani ikalipia utafiti mkubwa wa vituo kadhaa kuona kama hiyo njia inaweza kutumika hospitalini, na matokeo yalipotoka 2002 yalikuwa ya kuvunja moyo, seli zilipatikana kwa wengine na kwa wengine hapana. Huwezi kuendesha kliniki hivyo.

Na kuna shida ya pili ambayo mimi ndio inanifurahisha zaidi. Seli za mtoto hazitoki! Mwaka wa 1996 Diana Bianchi na wenzake waliandika kwamba walipata seli za kiume kwa damu ya mama aliyezaa kijana miaka 27 nyuma. Kijana ako na ndevu, pengine ameoa, na seli zake bado zinazunguka ndani ya mamake. Nilipomwambia mamangu hii alicheka tu akasema kwani mimi nilidhani nilitoka. Lakini kwa labu hiyo ni balaa, ju ukishika seli ya mtoto utajuaje ni ya huyu wa sasa ama ya kaka yake aliye darasa la nane?

Sasa hiki kipimo cha NIPT kinachotumika sai kinaangalia nini kama si seli?

Kinaangalia zile karatasi zilizochanwa.

Nikishatoa damu yako inawekwa kwa mashine inazungushwa kwa kasi. Ikitoka utaona ngazi tatu ndani ya tyubu: chini nyekundu nzito, katikati utando mwembamba mweupe ambao ukipumua vibaya unaupoteza, na juu maji ya rangi ya majani makavu, hiyo ndiyo plasma. Miaka yote watu walikuwa wanahangaika na ule utando mweupe wakitafuta seli, na plasma wanaimwaga kwa sinki. Kumbe mali ilikuwa kwa yale maji.

Aliyeliona ni Dennis Lo, daktari aliyesomea Uingereza akarudi kwao Hong Kong. Alikuwa amesoma kwamba wagonjwa wa kansa wanapatikana na DNA ya uvimbe kwenye plasma yao, akajiuliza, kama uvimbe mdogo unaweza kumwaga DNA mpaka ikaonekana, mtoto mzima na plasenta yake itakuwaje? Akachukua plasma ya wajawazito, na njia yake ya kwanza ya kuitayarisha ilikuwa kuichemsha dakika chache, mwenyewe alisema ni kama mtu anapika noodles za pakiti. Ile Y ya vijana ikaonekana. Hiyo ilichapishwa 1997 na ndipo mlango ulifunguka.

Uzuri wa hivi vipande ni mbili. Ni vingi, kuanzia kama wiki ya 10 karibu moja ya kumi ya DNA inayoelea kwa plasma yako inatoka kwa plasenta. Na vinaisha haraka, ukishajifungua ndani ya siku moja ama mbili vimetoweka, kwa hivyo ukipima leo unapima mimba ya leo, habari ya kaka wa darasa la nane haiingii.

Lakini mnajuaje kipande hiki ni cha mtoto na hiki ni cha mama?

Mara nyingi hatujui, na hapo ndipo ujanja uko, tunahesabu tu vyote. Kati ya vipande 1,000 kwa plasma, kama 13 hivi vinatoka kromosomu ya 21. Mtoto akiwa na 21 tatu badala ya mbili, na vipande vyake ni sehemu moja ya kumi, ile 13 inapanda kidogo sana, haifiki hata 14. Ukihesabu vipande elfu hutaona chochote. Lakini ukihesabu milioni 10, tofauti inakuwa ya maelfu na mashine inaiona bila wasiwasi. Timu mbili, moja Stanford na nyingine ya huyo huyo Lo kule Hong Kong, zilionyesha 2008 kwamba inawezekana, na kufika 2011 kipimo kilikuwa kinauzwa.

Kinapima magonjwa gani?

Kazi yake kubwa ni kuangalia kromosomu iliyozidi: trisomi 21, ambayo ni sindromu ya Down, trisomi 18 inayoitwa Edwards na trisomi 13 inayoitwa Patau. Nyingi zinaangalia pia X na Y.

Haioni mgongo wazi. Haioni tundu kwa moyo, mdomo uliopasuka, mikono, figo, hayo ni ya skani, ile ya wiki ya 18 mpaka 22 ndiyo inakaguliwa kiungo kwa kiungo. Haipimi autizimu. Mama anaweza kuja na ripoti imeandikwa vizuri kabisa anaamini mtoto hana shida yoyote duniani, anaanza kukwepa skani ati pesa ishaenda. Usifanye hivyo. Na zile tembe za chuma na foliki wanakupa kliniki ndizo zinasaidia mambo ya mgongo, hasa ukizianza mapema hata kabla ya mimba, sasa kuna mtu ameziweka kwa droo na analipia NIPT.

Na sikoseli? Huku kwetu hiyo ndiyo tunaogopa.

Na mko sawa kuogopa hiyo kwanza. Mtu akinitoka Bondo, Siaya, Busia ama hapa hapa Nyalenda, mimi nikimwangalia sioni mtu wa trisomi, naona mtu wa eneo la malaria. Kubeba jini moja ya sikoseli, ile wanaandika AS, kunamkinga mtoto asilemewe na malaria kali, ndio maana imebaki nyingi huku kando ya ziwa, karibu mtu mmoja kati ya watano ama sita. AS mwenyewe ni mzima, analima, anacheza mpira, hajui.

Shida ni AS akioana na AS. Kila mimba, kila mimba tena, si kwamba wanne wakizaliwa ni mmoja tu, kuna nafasi moja kati ya nne mtoto atakuwa SS, yaani amechukua jini mbili na ni mgonjwa wa sikoseli. Nimeona familia wamepata watatu mfululizo wakaanza kutafuta mchawi.

NIPT ya kawaida haiangalii sikoseli kabisa, ju inahesabu kromosomu nzima na sikoseli ni herufi moja tu imebadilika ndani ya jini. Kuitafuta kwa plasma ni ngumu zaidi, manake mama AS mwenyewe anamwaga vipande vyenye hiyo herufi, sasa utatenganishaje vyake na vya mtoto. Kuna watu wanaifanyia kazi ng'ambo lakini si kitu utaagiza kwa kaunta yangu leo.

Kitu unaweza kufanya leo ni rahisi na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na NIPT: wewe na mzee mpimwe aina ya himoglobini yenu. Na nasisitiza aina, inaitwa elektroforesi ama mashine ya HPLC, ju ile ya haraka ya kuangalia kama seli zinajikunja inakwambia tu jini iko, haikwambii kama ni AS ama SS. Mmoja akiwa AA, yaani hana hiyo jini kabisa, mtoto hawezi kuwa SS, lala usingizi. Wote wakiwa AS, mtoto akizaliwa apimwe mapema kwa kudungwa kisigino, ndio aanzishiwe penisilini na chanjo na kinga ya malaria kabla maumivu ya kwanza hayajaanza, na daktari atawaongelesha kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kupunguza hayo maumivu, akikua kidogo. Mkitaka kujua kabla hajazaliwa inabidi ile sindano ya tumbo, naielezea chini.

Mimi kama ningekuwa na shilingi kidogo na mtoto njiani, na niko huku western, ningeanza na hii. NIPT baadaye kama kuna sababu.

Niliambiwa niko O negativu na mzee ni positivu. Hiyo inahusianaje na seli za mtoto?

Inahusiana sana! Hapo ndipo seli za mtoto kwa damu ya mama zinaacha kuwa hadithi ya wanasayansi. Huku kwetu akina mama wa negativu ni wachache, kama 4 ama 5 kati ya 100, kwa hivyo mtu anaweza kukaa kwa kliniki siku nzima bila kumwona mwingine. Mtoto akichukua positivu ya babake, seli zake nyekundu zikiponyoka kuingia kwako mwili wako unaziona ni wageni, unatengeneza askari wa kuzipiga. Huyu wa kwanza mara nyingi anapona kwa sababu askari wanachelewa. Wa pili anakuta kambi ishajengwa.

Ndio maana unadungwa anti-D, dawa ya kuzuia mwili wako usitengeneze hao askari, kwa wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni positivu. Pia mimba ikitoka, ukivuja damu, ukianguka na boda ukagonga tumbo, ukidungwa ile sindano ya maji ya mtoto. Saa 72 zinahesabiwa kutoka tukio lenyewe, si kutoka siku ulipopata nauli. Ukiwa Oyugis na dawa haiko, piga simu kwanza uliza hospitali gani iko nayo ndio upande matatu, usizunguke.

Na kuna kipimo cha zamani, cha 1957, kinaitwa Kleihauer-Betke, ambacho mimi nakipenda kwa sababu unaona kwa macho yako. Unapaka damu ya mama kwa kioo, unaichovya kwa asidi. Himoglobini ya mtu mzima inaoshwa inaisha, seli zinabaki kama vivuli, maganda matupu. Ya mtoto inavumilia asidi. Kwa hivyo ukiweka chini ya hadubini unaona uwanja wa mizimu, halafu pale na pale seli moja ya waridi iliyokolea, imejaa, huyo ni mtoto. Unazihesabu ujue ni damu kiasi gani ilivuka, ndio dozi ya anti-D itoshe. Huku tunakuwa makini, ju mama mwenye sikoseli mwenyewe anaweza kuwa na himoglobini ya kitoto nyingi na akakudanganya.

Nchi kama Denmark na Uholanzi siku hizi wanapima grupu ya mtoto kupitia plasma ya mama, ikiwa mtoto ni negativu kama mamake hadungwi bure.

Wiki ya ngapi ndio nije?

Kuanzia 10 kamili. Ukija na 8 nitakurudisha nyumbani, usinikasirikie. Vipande vya mtoto vikiwa chini ya kama 4 kati ya 100, hesabu haiaminiki.

Nilifanya wakaniambia hakuna jibu. Hiyo ni nini tena?

Mara nyingi ni vile vipande vya mtoto vilikuwa vichache: ulikuja mapema, wiki zilihesabiwa vibaya, ama mwili wako ni mkubwa, manake mama mwenye kilo nyingi anamwaga DNA yake nyingi zaidi na ya mtoto inamezwa. Wakati mwingine ni sisi tumeharibu. Hutolewa damu tena, lakini mwambie daktari, kwa sababu mara zingine kukosa jibu yenyewe ni ishara kuna kitu cha kuangaliwa kwa skani.

Na mara chache sana hesabu zinakuja zimevurugika kila mahali, kromosomu nyingi kwa pamoja, na shida haiko kwa mtoto, iko kwa mama. Watafiti wa Marekani waliandika 2015 juu ya akina mama ambao kansa yao iligunduliwa hivyo, hawakuwa wanajua. Ni wachache sana, usilale macho, ila ndio sababu ripoti ya ajabu haitupwi.

Ripoti yangu imesema hatari iko juu. Mtoto wangu ana Down?

Tulia kwanza, vuta kiti.

Hiki kipimo ni ungo. Ungo unapepeta, unatenga yanayofaa kuangaliwa, lakini yale yamebaki kwa ungo si yote ni mawe, lazima uchambue na mkono. Wanasema kinashika zaidi ya 99 kati ya 100 ya watoto wenye trisomi 21, na kinakosea kusema yupo wakati hayupo kwa kama mmoja kati ya 1,000. Watu wanasikia 99 wanadhani ripoti yao ni kweli kwa asilimia 99. Sivyo hata.

Tuseme wamekuja akina mama 10,000 wa miaka ishirini na kitu. Kwa umri huo kama 10 hivi ndio wamebeba mtoto wa trisomi 21. Kipimo kinawashika wote 10. Lakini wale 9,990 wengine, mmoja kwa kila elfu anasingiziwa, hao ni 10 tena. Sasa nje ya mlango wangu kuna akina mama 20 wanalia na ripoti mkononi, na nusu yao wanalia bure. Fanya hesabu hiyo hiyo na mama wa miaka 40, ambapo ni kama mmoja kwa kila 100: wenye shida ni 100, waliosingiziwa ni wale wale 10, kwa hivyo ripoti yake ni kweli mara tisa kwa kumi. Kipimo ni kile kile, karatasi ni ile ile, umri ndio umebadilisha maana. Kwa trisomi 13 ambayo ni adimu zaidi, kusingiziwa kunakuwa kwingi zaidi.

Sababu nyingine ya kusingiziwa ni kwamba tunapima plasenta, hatupimi mtoto. Mara nyingi ni kitu kimoja, lakini kuna wakati plasenta ina seli zilizoharibika na mtoto mwenyewe yuko salama. Ama kulikuwa na pacha aliyefifia mapema na alama zake bado ziko.

Binamu yangu alitumiwa ripoti kama hiyo kwa WhatsApp, PDF tu, Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na simu ya waliomtumia ikazimwa mpaka Jumatatu. Sitasema ni wapi. Siku tatu hakula. Sindano ikaja kuonyesha mtoto hana trisomi yoyote, sai anavunja vikombe kwa nyumba. Tangu hapo mimi ripoti ya namna hiyo hainitoki mpaka daktari amwite mama akae naye chini.

Kuthibitisha wanafanyaje?

Ni sindano ya tumbo, na skani inaangalia sindano inakopita. Kuna ya kuchukua kipande kidogo cha plasenta, hiyo ni wiki ya 11 mpaka 14 hivi, na kuna ya kuvuta maji anayoogelea mtoto, amniosentesisi, kuanzia wiki ya 15. Ya maji ndiyo inabeba seli za mtoto mwenyewe, kwa hivyo ndiyo inamaliza ubishi. Mimba inaweza kutoka kwa sababu ya sindano lakini ni mara chache, kwa mikono iliyozoea ni chini ya moja kwa 200. Mikono iliyozoea ndiyo shida, ju wataalamu wa hiyo kazi ni wachache na wengi wako Nairobi. Anza kwa daktari wako ama hospitali kubwa ya rufaa, hapa Kisumu ni Jaramogi ile watu bado wanaiita Russia, Eldoret kuna Moi, wao ndio watakuandikia barua ya kwenda mbele.

Usifanye uamuzi wowote mkubwa na ripoti ya ungo peke yake.

Na wakithibitisha kweli, sheria inasemaje? Wengine wananiambia nitoe.

Hapa naulizwa kwa sauti ya chini sana. Katiba ya 2010, kifungu cha 26(4), hairuhusu kutoa mimba isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, ama maisha au afya ya mama iko hatarini, ama kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Hali ya mtoto peke yake haijatajwa hapo. Kwa hivyo ongea na daktari, si na mtu wa mtaa anayeuza vidonge, huyo nimeona alichofanya.

Lakini pia kujua mapema kuna kazi nyingine ambayo watu wanasahau. Karibu nusu ya watoto wa Down wanazaliwa na shida ya moyo, na mama akijua atapanga kujifungulia mahali kuna daktari wa watoto badala ya kushtuliwa saa nane usiku kwa dispensari.

Naweza kujua kama ni boy ama girl?

Ndio, ile Y inaonekana. Lakini ukilipa pesa yote hiyo kwa sababu hii pekee utanifanya nikuangalie mara mbili, skani ya wiki ya 20 itakuambia na bado unahitaji skani. Na akina baba mnaonipigia kando mkitaka niwaambie nyinyi kwanza, majibu ni ya mama. India waliweka sheria tangu 1994 kukataza kuambiwa, ju wasichana walikuwa wanapotea kabla hawajazaliwa, sasa usifikiri ni swali dogo.

Na baba wa mtoto, anaweza kujulikana kwa hii damu?

Kisayansi inawezekana, kwa kulinganisha na damu ya mwanaume. NIPT ya kawaida haifanyi hivyo, kwa hivyo aliyekuja na roho juu juu ashuke.

Kwa nini damu yangu inasafirishwa? Haiharibiki na hili joto?

Inasafirishwa kwa sababu mashine za kusoma mamilioni ya vipande ni za bei kali, labu nyingi zinachukua damu tu na kuituma, mara nyingi nje ya nchi. Na ndio, inaweza kuharibika.

Nikiwa mgeni kwa hii kazi, mahali pengine si hapa, nilitoa damu ya mama mmoja kutoka Siaya nikaiweka kwa tyubu ya kawaida ya kifuniko cha zambarau, ile ya kila siku. Haikuzungushwa, ikalala usiku mzima kwa benchi. Kulala hivyo seli nyeupe za mama zinapasuka, zinamwaga DNA yake kwa plasma, na vipande vya mtoto vinazama kama chumvi kidogo kwa debe la maji. Jibu likarudi hakuna jibu. Nilimpigia mwenyewe, akapanda matatu tena na tumbo lake, na nauli nilimrudishia kutoka kwa mfuko wangu. Kuna tyubu maalum yenye dawa ya kushikilia seli zisipasuke kwa siku kadhaa. Hiyo haiwekwi kwa barafu, haigandishwi, na haiachwi kwa gari iliyoegeshwa juani Kibuye saa saba mchana. Ukiona tunakudunga na tunachukua kifuniko cha zambarau kwa ajili ya NIPT, uliza itazungushwa lini. Una haki ya kuuliza, nami sitakasirika.

Inaweza kumdhuru mtoto?

Hapana. Ni mkono wako tu.

Bei? Ni ya lazima?

Si ya lazima. Haimo kwa zile damu za siku ya kwanza ya kliniki ya serikali, zile za grupu, himoglobini, HIV, kaswende na mkojo. Private utalipa makumi ya maelfu ya shilingi, na bei inatofautiana, kwa hivyo piga simu sehemu mbili tatu na uulize kama jibu likikosekana utatolewa tena bila malipo. Hilo swali la mwisho watu hawaulizi halafu wanalia. Ukiwa umepita miaka 35, ama ulishazaa mtoto wa trisomi, ama skani ya wiki ya 11 mpaka 13 ilionyesha maji mengi nyuma ya shingo ya mtoto, hapo naona iko na maana zaidi.

Niko na mapacha. Na niliwahi kuongezwa damu.

Niambie zote mbili kabla sijachomoa sindano. Mapacha hesabu inasomwa tofauti, na damu ya mtu mwingine uliyoongezwa juzi juzi, ama kiungo ulichopandikizwa, ama yai la kupewa, vinaweza kuleta DNA ya mtu wa tatu kwa meza yetu.

Siku ya kuja nibebe nini?

Kitabu cha kliniki, na ripoti ya skani yenye wiki, ju ile tarehe ya mwisho ya hedhi wengi mnakisia. Kunywa chai, kula mandazi, hii si ya njaa. Mzee akikuja pia nitamtoa damu ya sikoseli papo hapo, asiogope sindano mbele yako. Na kuja asubuhi kabla ya saa nne, mzigo wa kwenda Nairobi unachukuliwa mchana na ukifika saa tisa nitakuambia tu urudi kesho, na Ijumaa sitoi kabisa, sitaki damu yako ilale wikendi mahali sijui.